Kati ya 1945 na 1980: Aniceti Kitereza na Nafasi ya Ukerewe katika Historia ya Riwaya ya Kiswahili

Historia za fasihi ya Kiswahili zimezoea kumweka Aniceti Kitereza katika mwaka 1980. Huo ndio mwaka ambao Tanzania Publishing House ilichapisha riwaya yake kubwa, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, na kwa mujibu wa desturi ya wanahistoria wa fasihi, kitabu huzaliwa siku kinapochapwa. Kwa kipimo hicho Kitereza ni mwenzake Euphrase Kezilahabi wa Gamba la Nyoka, iliyotoka mwaka 1979, na ni mwandishi wa enzi ya baada ya Azimio la Arusha. Ukweli ni kwamba mswada wa riwaya hiyo ulikamilika mwaka 1945, Kezilahabi akiwa mtoto wa mwaka mmoja katika kijiji cha Namagondo, kisiwani humohumo Ukerewe. Uliandikwa kwa Kikerewe. Kiswahili kilikuja baadaye, kwa mkono wa mtunzi yuleyule aliyekwisha kuwa mzee.

Miaka hiyo 35 iliyopo kati ya kukamilika kwa mswada na kuchapishwa kwa kitabu aghalabu husimuliwa kama kisa cha kusikitisha katika maisha ya mtu mmoja. Makala haya yanaichukulia kuwa suala la kihistoria. Inahusu jinsi lugha ya kuandikia ilivyochaguliwa na nani aliyekuwa na mitambo ya kuchapia, na inahusu pia namna taaluma ya fasihi ya Kiswahili inavyoyahesabu maandishi yaliyozaliwa nje ya lugha hiyo kisha yakaingia ndani yake.

Kisiwa na milango yake

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani ya maziwa ya Afrika. Leo msafiri hukifikia kwa meli au kivuko kutoka Mwanza hadi Nansio, au kwa barabara ya Bunda na kivuko kifupi cha Rugezi, na ni rahisi kukiona kama pembezo ya jiji. Katika karne ya 19 hali haikuwa hivyo. Wafanyabiashara wa misafara waliotoka pwani waliliita ziwa zima kwa jina la Ukerewe, na jina hilo ndilo walilolisikia Burton na Speke kabla Speke hajaliona ziwa lenyewe kutoka upande wa Mwanza mwezi Agosti 1858 na kulibandika jina la malkia wake. Mwaka 1875 Stanley alimwendea Omukama Lukonge kuomba mitumbwi ya kuwavusha watu wake kuelekea Buganda, akapewa. Miaka miwili baadaye, Desemba 1877, wamisionari wawili wa Kianglikana, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani katika ugomvi uliomhusu Songoro, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa akiunda jahazi katika mwambao wa Ukerewe.

Songoro anastahili kukumbukwa katika mjadala huu kwa sababu moja zaidi. Kuwapo kwake kunaonyesha kwamba Kiswahili kilifika Ukerewe pamoja na misumari, nguo na mbao za jahazi, kabla ya shule. Kilikuwa lugha ya wageni wa biashara, lugha ya kupatana bei. Utawala wa Wajerumani na misheni vilipokuja, kilipanda cheo kikawa lugha ya boma na ya darasa, lakini nyumbani hakikuwa na kazi. Mtu wa kizazi cha Kitereza alikijua vizuri bila kukihitaji ili kusema na mkewe.

Lukonge aliondolewa madarakani na Wajerumani mwaka 1895 na Mukaka akatawazwa. Kitereza alizaliwa mwaka uliofuata, 1896, katika ukoo wa Abasilanga, ukoo uliotoa watawala wa kisiwa. Akiwa mdogo alifiwa na baba, akaishi katika mazingira ya ikulu ya Mukaka, na kutoka huko akapelekwa shule ya misheni ya Kagunguli, kituo cha Wamisionari wa Afrika ambao wenyeji waliwaita Mapadri Weupe. Kutoka Kagunguli alivuka ziwa kwenda seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akasoma kwa miaka mingi. Alitoka na Kilatini, Kijerumani, Kiingereza na Kiswahili, lakini hakutoka padri. Alirudi kisiwani, akamwoa Anna Katura, akafanya kazi ya ukatekista na ya kufasiri kwa ajili ya misheni.

Watoto wa Kitereza na Anna walifariki wangali wachanga. Habari hii hutajwa na kila anayeandika juu yake, na wakati mwingine hutumiwa vibaya kuifanya riwaya kuwa tawasifu iliyofichwa. Hata hivyo haiwezi kupuuzwa. Mwanamume wa kisiwa ambaye nyumba yake ilikosa mtoto aliyekua, na ambaye kwa imani yake mpya hakuoa mke wa pili jinsi ambavyo jamaa zake wangetarajia, aliandika kitabu kirefu juu ya mume na mke waliokosa mtoto wakakataa kuachana.

Uamuzi wa kutumia Kikerewe

Katika miaka ya kazi yake Kagunguli, Kitereza alishirikiana na Padri Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, katika kukusanya habari za mila, historia na hadithi za Wakerewe. Simard ndiye anayetajwa kuwa alimtia moyo aziweke habari hizo katika kisa ambacho watu wangependa kukisoma, badala ya kuziacha zikiwa orodha ya desturi. Ushauri huo ulikuwa wa busara kuliko pengine alivyojua mwenyewe.

Ili kuona uzito wake, inafaa kutazama kilichokuwa kikifanyika kwingineko kandokando ya ziwa wakati huohuo. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Kanda ya Ziwa, alichapisha pamoja na Hartnoll kitabu cha sheria za kimila za Wahaya mwaka huohuo wa 1945, na mwaka 1953 akafuatisha kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma. Vitabu hivyo vina thamani yake hadi leo. Lakini vinaigeuza mila kuwa vifungu: mahari ni kiasi hiki, faini ni kiasi hiki, mke akirudi kwao hatua ni hizi. Karani wa mahakama angeweza kuvifungua na kutoa hukumu. Kitereza alishughulika na mambo yaleyale, yaani mahari, kurudi kwa mke kwao, faini ya wakwe na utasa, ila alimpa kila mtu katika shauri hilo jina, ulimi na njaa yake.

Mfano ulio bora zaidi ni pombe. Bugonoka anarudishwa kwa wazazi wake, Namwero na Nkwanzi, baada ya ndugu wa mumewe kumsimanga kwa kutozaa. Myombekere anapokwenda kumrudisha, wakwe wanamdai pombe ya ndizi. Mwanasheria angeliandika jambo hilo kwa mstari mmoja. Kitereza analiandika kwa kurasa nyingi: ndizi zinatafutwa, zinaivishwa, zinakamuliwa, majirani wanaitwa, vyombo vinaazimwa, na msomaji anachoka pamoja na mwenye shida. Wahakiki wamewahi kuzilalamikia kurasa hizi kwamba ni ethnografia iliyovaa joho la riwaya. Lalamiko hilo linapita kando ya jambo. Kurasa za pombe ndizo zinazopima mapenzi ya Myombekere. Hakuna mahali mtunzi anaposema kwamba mume huyu anampenda mkewe kuliko anavyowaogopa ndugu zake. Anamfanya afanye kazi, na urefu wa kazi ndio unaosema. Aliyezifupisha kurasa hizo asingekuwa ameondoa mapambo. Angekuwa ameondoa hoja.

Ni wazi kwamba kazi ya namna hiyo ilihitaji lugha yenye majina ya kila hatua ya utengenezaji wa pombe, kila kipande cha mtumbwi na kila salamu anayostahili mkwe. Mwaka 1945 Kikerewe kilikuwa na yote hayo. Kiswahili Sanifu, ambacho Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilikuwa ikikisimamia tangu 1930, kilikuwa na tafsiri za vitabu vya shule, tenzi za pwani, na visa vichache vya nathari kama Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela cha mwaka 1934. Kusadikika ya Shaaban Robert ilikuwa bado miaka sita mbele. Kwa hiyo Kitereza hakukiacha Kiswahili kwa kuwa hakukijua, wala hakukichagua Kikerewe kwa ubishi wa kikabila. Alichagua lugha ambayo kitu alichotaka kukisema kilikuwa kimekwisha kupata maneno yake, na wasomaji aliowakusudia walikuwa vijana wa kisiwa waliokuwa wakizisahau mila hizo katika shule zilezile zilizomfunza yeye kuandika.

Alichokosa ni mtambo. Hapa mlinganisho na Thomas Mofolo wa Lesotho una manufaa. Mswada wa Chaka nao ulikaa zaidi ya miaka kumi kabla ya kutoka mwaka 1925, kwa sababu wamisionari walitilia shaka maudhui yake. Lakini Kisotho kilikuwa na kiwanda cha uchapaji cha Morija, kilikuwa na gazeti na wasomaji waliozoea kununua vitabu, na hivyo mswada ulicheleweshwa na mashaka ya wachapaji waliokuwapo. Kikerewe kilisemwa na watu wachache, na hakuna mchapaji aliyeona faida ya kitabu kinene kwa ajili yao. Simard aliuchukua mswada hadi Kanada kwa nia ya kuutoa kwa Kifaransa, akafariki kabla ya nia hiyo kutimia. Mswada uliovuka bahari ulibaki kimya kama ule uliobaki kisiwani.

Kujitafsiri uzeeni

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gerald Hartwig, mwanahistoria Mmarekani, na mkewe Charlotte walifika Ukerewe kwa utafiti juu ya historia ya kisiwa na biashara ya masafa marefu. Kitereza alikuwa mmoja wa watu waliowafaa sana kwa maarifa, na kwa njia hiyo wakaujua mswada. Makala yao ya mwaka 1972 juu ya mtunzi huyo ndiyo iliyomtambulisha kwa wasomi wa fasihi ya Afrika, wakati hakuna hata ukurasa mmoja wa riwaya yake uliokuwa umechapwa.

Ushauri waliompa ulilingana na hali ya nchi. Tanzania ya wakati huo ilikuwa imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, ya elimu ya msingi na ya siasa, na Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilikuwa mahali pa kupeleka mswada. Kitabu cha Kikerewe hakikuwa na njia katika mpango huo, na kitabu cha Kiswahili kilikuwa nayo. Kitereza, aliyekuwa amepita miaka 70 na kusumbuliwa na maumivu ya viungo, akaifanya kazi ya kukitafsiri chote.

Ni hapa ambapo tarehe ya 1980 inaanza kuyumba. Kiswahili cha riwaya hii si cha pwani wala si cha magazeti ya Dar es Salaam. Ni cha mtu aliyekisoma kwa wamisionari mwanzoni mwa karne na kukitumia kufasiri maandishi ya dini kwa maisha yake yote. Sentensi zake ni ndefu, husogea kwa viunganishi vya usimulizi wa mdomo, na mazungumzo ya wahusika hujaa adabu za Kikerewe zilizovishwa maneno ya Kiswahili. Mchapishaji aliyekipokea kama kazi mpya alipokea, kwa kweli, lugha ya kizazi kilichotangulia uhuru ikiitafsiri nathari ya 1945. Ndiyo maana msomaji anayeitoka Gamba la Nyoka na kuingia Myombekere huhisi kuwa amerudi nyuma kwa miongo mingi, ingawa vitabu vinapishana mwaka mmoja tu.

Majina ya watoto wa riwaya yanaonyesha gharama ya uhamisho huo. Kwa Mkerewe, Ntulanalwo ni jina lisemalo kwamba mwenye kulitoa anaishi na kifo siku zote, na Bulihwali ni swali: majonzi yatakwisha lini? Wazazi waliokwisha kufiwa huwapa watoto majina ya namna hiyo, na msikilizaji hahitaji kufafanuliwa. Kwenye jalada la mwaka 1980 majina hayo yanasimama mbele ya msomaji wa Tanga au Mombasa kama majina tu. Furaha ya kuzaliwa kwa mtoto, ambayo kwa Kikerewe ina kivuli tangu siku ya kwanza, kwa Kiswahili inahitaji maelezo ili kivuli kionekane.

Kitabu kilipigwa chapa China. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Majirani: Bujora na Namagondo

Mwanza na mwambao wake una kumbukumbu nyingine zinazoonyeshwa wageni kwa urahisi zaidi. Jiwe la Bismarck linalosimama majini mbele ya jiji limebeba jina la waziri mkuu wa Ujerumani ambaye hakuwahi kuliona. Bujora, karibu na Kisesa, padri mwingine wa Kanada wa shirika lilelile la Simard, David Clement, alijenga kuanzia miaka ya 1950 kanisa la duara lenye sura ya nyumba ya Kisukuma, na kandoni mwake pakakua makumbusho yenye ngoma na vitu vya watemi na vya vyama vya wachezaji. Makumbusho hayo yanajulikana kimataifa, na yanastahili.

Ulinganisho wa Bujora na mswada wa Kagunguli unafundisha jambo moja juu ya uhifadhi. Yote mawili yalianza katika mazingira ya misheni, kwa mapadri wa Kanada waliotaka mila zisipotee. Bujora ilihifadhi vitu, na kitu kinaweza kuonyeshwa kwa mtu asiyejua Kisukuma. Kitereza alihifadhi mwenendo, yaani namna mtu anavyoketi mbele ya mkwe, anavyokwepa swali, anavyolia. Mambo hayo hayawekwi kabatini. Huishi katika lugha, na lugha ikibadilishwa, sehemu yake hubaki nyuma.

Ukerewe, kwa upande wake, ilitoa waandishi wengine wawili wenye uzito, na hapa ndipo mpangilio wa kitarehe unapoleta utata wa kuvutia. Kezilahabi, aliyesoma seminari ya Nyegezi jirani na Mwanza kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, miaka tisa kabla ya Kitereza kuchapwa. Riwaya hiyo inaanzia Namagondo. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi anayempiga mkewe Regina na kuwatisha binti zake. Ukiisoma baada ya Kitereza, kisiwa kinaonekana kimepinduka: pombe iliyokuwa faini ya kuijenga upya nyumba imekuwa chanzo cha kuibomoa, na mume aliyebeba vyungu kwenda kwa wakwe amempisha mume anayenyoosha mkono. Lakini wasomaji wa Kiswahili hawakuzisoma kwa mpangilio huo. Walimjua Zakaria kwanza, na Myombekere akaja baadaye kama mtu wa hadithi za kale. Ukerewe iliingia katika riwaya ya Kiswahili ikiwa tayari imevunjika, na picha ya jinsi ilivyokuwa kabla ya kuvunjika ikafuata nyuma.

Kwa mtaalamu wa fasihi, hili linatosha kuhoji usimulizi uliozoeleka wa maendeleo ya riwaya ya Kiswahili, unaoanzia kwa Mbotela, ukapita kwa Shaaban Robert na kufika kwa Kezilahabi kama mtu apandaye ngazi. Ngazi hiyo inasimama kwa sababu inahesabu maandishi ya Kiswahili peke yake, kwa tarehe za wachapishaji peke yake. Mswada wa 1945 ukiwekwa mahali pake, inaonekana kwamba wakati nathari ya Kiswahili ilipokuwa bado ikielekea kwenye visa vya mafumbo vya Shaaban Robert, palikuwapo kando ya ziwa riwaya ndefu ya uhalisia, yenye wahusika wa kawaida na maisha ya nyumbani, iliyoandikwa na mtu aliyeijua lugha ya Kiswahili barabara na asiitumie. Si lazima kuiita riwaya ya kwanza ya hiki au kile. Cheo cha namna hiyo huongeza sifa kuliko maarifa.

Mwandishi wa tatu ni Gabriel Ruhumbika, mtunzi wa Miradi Bubu ya Wazalendo, ambaye aliitafsiri riwaya ya Kitereza kwa Kiingereza, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2002. Ruhumbika, akiwa Mkerewe, hakupitia Kiswahili. Alirudi kwenye Kikerewe. Kabla yake Wilhelm Möhlig alikuwa ameitoa riwaya hiyo kwa Kijerumani mwanzoni mwa miaka ya 1990, akitumia chapa ya Kiswahili. Kuna, basi, tafsiri mbili za kigeni zilizotokana na matini mbili tofauti za mtunzi mmoja, na matini ya awali kati ya hizo mbili ilikuwa bado haijachapishwa wakati Ruhumbika alipotoa tafsiri yake. Kwa maana hiyo msomaji wa Kiingereza wa mwaka 2002 aliletwa karibu zaidi na mswada wa 1945 kuliko msomaji wa Kiswahili wa mwaka 1980, ingawa huyu wa pili alikuwa akisoma maneno yaliyoandikwa na Kitereza mwenyewe.

Hali hiyo inaathiri kazi ya uhakiki moja kwa moja. Mtafiti anayetaja urefu wa sentensi za Kitereza, au matumizi yake ya methali, au ukimya wake juu ya ukoloni, ni lazima aseme anamzungumzia Kitereza yupi: mkatekista wa miaka 49 aliyewaandikia vijana wa kisiwa, au mzee aliyeketi akiyahamisha maneno yake mwenyewe kwenda lugha ya taifa. Kuzilinganisha matini hizo mbili sura kwa sura, kwa jicho la mtu anayezijua lugha zote mbili, kungeonyesha ni wapi mzee huyo alipunguza, ni wapi alieleza, na ni wapi aliliacha neno la Kikerewe likae lilivyo ndani ya sentensi ya Kiswahili kwa kuwa halikuwa na mwenzake.